Rais mkali lazima aigawe nchi? Mi nasema tuangalie aliyeshindwa anabaki na nini

Mleta uzi

Wakuu habari za muda huu. Kuna ubishi mmoja kila nikifungua simu naukuta, ukimtaja tu hayati Rais Magufuli watu wanagawanyika hapohapo, huyu anasema shujaa wa Afrika, yule anasema dikteta, alafu wanakuja wale wa kufunga mjadala na kauli yao kwamba kiongozi mwenye msimamo lazima achukiwe, asiyechukiwa hajafanya kitu. Kauli hii imezoeleka mpaka watu hawaipimi tena. Mi naomba leo tuipime kwa mambo tuliyoyaona kwa macho yetu, maana inatumika kuhalalisha vitu ambavyo havihusiani kabisa na uimara wa mtu.

Niseme kwanza ninapokubaliana nao. Kiongozi anayeamua mambo ataudhi watu, hilo halina mjadala. Aprili 2017 majina ya watumishi wa vyeti feki yalipotoka walikuwa zaidi ya 9,900, na kila mmoja ana mke au mume, watoto, wazazi kijijini, kwahiyo hesabu ya walionuna siku ile ni kubwa mno. Kuna waliokuwa wamebakiza miezi tu wastaafu, wakalalamika wamefanya kazi miaka 30 wanaondoka mikono mitupu, na walikuwa na hoja, ndo maana 2022 serikali ikaja kuamua warudishiwe michango waliyokatwa. Lakini jiulizeni, nchi iligawanyika kwa vyeti feki? Haikugawanyika. Mtu wa upinzani na mtu wa CCM walikaa kijiwe kimoja wakibishana kuhusu mafao na jioni wakarudi nyumbani wakiwa majirani.

Angalia na miezi ile ya mwanzo. Desemba 9, 2015 sherehe za uhuru zikafutwa, tukaambiwa tushike mafagio, na watu waliompigia kura Lowassa, mpinzani wake wa 2015, walishika mafagio pia, nawajua. Elimu bure ya 2016 hakuna aliyeipinga kwa sababu ya chama. Magufuli alikuwa mkali vilevile, sauti ileile, anatumbua mtu usiku asubuhi unasikia redioni, na sehemu kubwa ya waliomnyima kura walikuwa wanamwelewa. Kama ukali ndo unagawa nchi basi tungegawanyika Novemba 2015 ileile.

Sasa tuliachana wapi? Mi naona mlango ulifungwa Juni 2016, mikutano ya hadhara ilipozuiwa. Kumbukeni Lowassa alipata karibu 40%, zaidi ya kura milioni 6. Hao ni watu milioni 6 walioambiwa mtasikilizwa tena 2020, kwa sasa tulieni tufanye kazi. Magazeti yakafungiwa moja baada ya jingine. Septemba 7, 2017 mbunge wa upinzani wa Chadema, Tundu Lissu, akapigwa risasi Dodoma, mchana kweupe, kwenye makazi ya viongozi, na mpaka leo hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa lile tukio. Uchaguzi wa serikali za mitaa 2019 wagombea wa upinzani wakaenguliwa kwa maelfu, vyama vikajitoa, CCM ikazoa karibu kila mtaa na kila kijiji. Kufika 2020 na ile 84% yake, mtu asiyemtaka karibu hakuwa na jukwaa, gazeti, diwani wala mwenyekiti wa mtaa, na mtu wa namna hiyo hata ukimjengea flaiova atapita juu yake amekunja sura.

Nitoe mfano wa nyumbani kabisa. Dada yangu ni machinga Kariakoo. Kabla ya vile vitambulisho vya 20,000 alikuwa anakimbizana na mgambo kila siku ya Mungu, mzigo unachukuliwa, anarudi nyumbani na fuko tupu. Kilipokuja kitambulisho alikipiga laminesheni, akakitoboa tundu, akakifunga kamba akakitundika mbele ya meza yake pale kila anayepita akione. Muda wake uliisha zamani lakini hajakitoa, kipo. Mumewe, shemeji yangu, alikuwa kwenye chumba cha habari cha gazeti moja ambalo lilifungiwa, akakaa nyumbani mwaka na zaidi anategemea hiyohiyo meza ya Kariakoo. Usiku wa Machi 17, 2021 tangazo la msiba lilipotoka kwenye TV dada alilia mpaka majirani wakaja, siku chache baadae alitaka akatandike khanga yake barabarani mwili ukipita kama walivyofanya wanawake wengi, na shemeji hakusema neno, alichukua viatu akatoka. Hawa watu wanapendana, wana watoto, lakini ile wiki ilikuwa nzito sana ndani ya ile nyumba.

Baadae nilikaa na kila mmoja kivyake. Wala hawakuwa wanabishana kuhusu ukali. Dada anasema yule mtu alituona. Shemeji anasema hata kama kosa lilikuwepo, hakukuwa na mahali pa kwenda kulisema. Hapo ndo nilianza kuona tunauliza swali lisilo lenyewe. Tunauliza rais ni mkali kiasi gani wakati tulipaswa kuuliza mtu aliyeshindwa, asiyekubaliana naye, anabaki na nini mkononi.

Na upole nao hausaidii kama milango imefungwa. Kibaki wa Kenya alikuwa mpole, hagombi na mtu, wenyewe walimlalamikia kwamba anakaa mbali na mambo, na ni chini yake 2007 nchi iliwaka, wakafa zaidi ya 1,100, wengine laki kadhaa wakakimbia makwao. Hapa kwetu Mama Samia aliingia na sauti ya taratibu, na 4R zake (maridhiano, ustahimilivu, mageuzi na kujenga upya), Januari 2023 akafungulia mikutano, mi mwenyewe nilifurahi sana. Tukafika Oktoba 2025, Lissu yuko ndani kwa kesi ya uhaini, Chadema haipo kwenye karatasi ya kura, matokeo yanasomwa 97.66%, intaneti imezimwa, na vijana wamelala chini barabarani. Sauti ilikuwa ni ileile ya taratibu.

Kwahiyo msimamo wangu ni huu, uimara unaleta maadui lakini hauleti mgawanyiko. Naomba hoja, matusi hapana.

Mdau wa Kahama

Mkuu umeandika vizuri ila umemwonea Mzee Magufuli. Nchi hii ilikuwa imeoza, watumishi hewa, makontena yanapotea bandarini, dhahabu inaondoka tunaangalia. Ungeenda na hiyo demokrasia yako ya kila mtu apande jukwaani ungejenga Bwawa la Nyerere? Megawati 2,115 hizo, wazungu na watu wa mazingira wote walikuwa wanapinga. SGR je? Makinikia je, ule mchanga wa madini uliokuwa unasafirishwa nje, nani alithubutu kabla yake? Sisi wa huku migodini tulijua kabisa ile ni vita ya uchumi na vitani hakuna mtu wa kukaa katikati. Aliyekuwa anapinga alikuwa anasaidia upande wa pili, hata kama hajui. Ukitaka kupendwa na wote kauze ice cream.

Mleta uzi

Mkuu wa Kahama, heshima yako. Bwawa nalikubali, SGR naikubali na nimeipanda. Lakini nisaidie kitu kimoja, kuzuia mkutano wa hadhara Kahama kuliongeza zege gani kule Rufiji? Mkandarasi alilipwa kwa fedha, siyo kwa ukimya wa wapinzani. Na bwawa limekuja kukamilika mikutano ikiwa imeshafunguliwa.

Kuhusu makinikia ndo kabisa. 2017 tuliambiwa tunawadai wenye migodi dola bilioni 190. Waliosema hesabu hii haiwezekani, hakuna kampuni ya kulipa hicho kiasi, waliitwa wasaliti. Mwisho wa siku makubaliano na Barrick yakawa dola milioni 300, hisa 16% na kampuni ya ubia ya Twiga. Mi siyaiti mabaya, kwa nchi yetu ni hatua. Ila waliohoji ile bilioni 190 walikuwa Watanzania wanaojua hesabu, na siku ulipowaita wasaliti hukuongeza hata senti kwenye meza ya mazungumzo, uliongeza tu watu wanaojiona siyo wa nchi hii. Hiyo "vitani hakuna wa kukaa katikati" ndo yenyewe inayogawa nyumba. Serikali inaweza kupambana na mgodi bila kutangaza vita na raia wake anayeuliza swali.

Mdau wa Pemba

Mie nipo Wete, na hii mada sisi huku tumeishi ndani yake. Nyinyi wa bara mgawanyiko mmeujua juzi. Huku miaka ya tisini ilikuwa mtu wa CUF, chama cha upinzani, haendi kuzika kwa mtu wa CCM, duka la fulani hanunui, harusi watu wanasusiana, ndugu wa tumbo moja hawasemeshani. Januari 2001 watu wakauliwa hapa kwa risasi, wengine wakapanda madau wakakimbilia Mombasa na Shimoni, tukawa wakimbizi, Tanzania ile iliyozoea kupokea wakimbizi.

Sasa angalieni ajabu yake. Maalim Seif, kiongozi wa CUF, hakuwa mtu laini hata siku moja. Na Amani Karume, Rais wa Zanzibar wakati ule, nae si mtu laini. Novemba 5, 2009 wakakutana Ikulu wawili hao, wakazungumza, Julai 2010 tukapiga kura ya maoni, theluthi mbili tukasema ndio tunataka serikali ya pamoja. Uchaguzi wa 2010 Dk Shein wa CCM akapata 50.1 na Maalim 49.1. Wenzangu, asilimia moja! Asilimia moja ile mwaka mwengine ingelitoa roho za watu. Na hakukufa mtu, watu wamelala majumbani mwao wakaamka wakaenda kazini. Kwa sababu gani, kwa sababu aliyeshindwa alijua anakuwa Makamo wa Kwanza wa Rais, na waziri wake yumo, na mtu wake wa Pemba akipeleka shida yake ofisini anamkuta mtu wa kumsikiliza. Watu wakarudi kuzikana. Mie nimemuona mzee wangu ameenda kumjulia hali mtu hawajasema miaka kumi na tano.

Halafu Oktoba 28, 2015 mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya Zanzibar akatoka peke yake akafuta uchaguzi. Kwa muda mfupi tu tukarudi kule kule. Watu ni wale wale, viongozi wale wale. Ndio mana mie nakubaliana na mleta mada, tatizo si kifua cha mtu.

Mdau wa Mombasa

Salamu kutoka huku pwani. Ndugu zetu wa Pemba wa 2001 tuliwapokea sisi, tunakumbuka.

Mleta mada kuhusu Kibaki uko sawa ila umepita haraka. Kibaki aliingia 2002 na zaidi ya asilimia 60, Kenya nzima ilikuwa inaimba. Kilichovunja ni ile makubaliano ya kugawana madaraka na kina Raila Odinga, ikawekwa kando baada ya kushinda. Kufika Novemba 2005 kwa kura ya maoni tayari tulikuwa ndizi (ndio) na chungwa (hapana), serikali ikapigwa. Kwahivyo 2007 haikuanguka kutoka mbinguni.

Lakini nina swali gumu kwako. Sisi saa hii tuna mahakama yenye meno. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais, kitu Afrika ilikuwa haijaona. Na bado tuligawanyika! Raila akasusia ule wa marudio, Januari 2018 akajiapisha pale Uhuru Park, ikabidi mpaka handisheki ya Raila na Rais Uhuru ya Machi ndio watu wapumue. Sasa hiyo milango yako imesaidia nini?

Mleta uzi

Mdau wa Mombasa hili swali nimelilalia usiku mzima. Ni kweli mligawanyika, na mnagawanyika kila uchaguzi, sitaki kulipamba. Ila linganisha 2007 na 2022. 2007 ODM, chama cha Raila, walikataa kabisa kwenda mahakamani, walisema mahakama ni ya Kibaki, basi wakabaki na barabara tu, na barabarani ndo watu wakafia. 2022 tofauti ya Ruto na Raila ilikuwa ndogo sana, nchi imegawanyika nusu kwa nusu, Raila akaenda mahakamani, Septemba 5 majaji wote wakamwambia hapana, akasema sikubaliani nao lakini nauheshimu uamuzi, na Kenya haikurudi 2007. Alafu mna kaunti 47. Aliyekosa Ikulu bado ana gavana wake, bajeti yake, hospitali yake ya kusimamia. Chuki ipo lakini ina pa kwenda. Mi sijaahidi watu watapendana, nasema tu hawatauana na hawataonana kama watu wasio wa nchi moja.

Mdau wa Mtwara

Naongezea la huku Kusini maana tunasahaulika. Tuna mifano miwili na yote imo. Kikwete mpole, anacheka na kila mtu, na 2013 Mtwara iliwaka kwa gesi. Watu walikuwa wanasema gesi haitoki, siyo kwamba hawaipendi Tanzania, walikuwa wanauliza sisi tunabaki na nini bomba likienda Dar. Hawakujibiwa, waliletewa jeshi.

Akaja Magufuli mkali, 2018 ile sehemu ya ushuru wa korosho iliyokuwa inarudi kwenye zao ikachukuliwa Hazina, wabunge wa Kusini wakapiga kelele bungeni wakazimwa. Novemba akawakatalia wanunuzi, akasema serikali itanunua kwa 3,300 kilo, malori ya jeshi yakaja kusomba. Siku ile tulishangilia, nisidanganye, hakuna aliyekuwa amewahi kututetea hivo. Shida ikaja kwenye malipo, uhakiki juu ya uhakiki, msimu mpya unafika mtu bado anasubiri hela ya msimu uliopita, salfa ya kupulizia hana. Ungemuuliza nani? Mbunge kanyamaza, kwenye ushirika ukiuliza unaambiwa unampinga rais. Mkali na mpole wote wametufanyia kitu kilekile, waliamua kwanza alafu hakukuwa na dirisha la kuulizia.

Mdau wa Kahama

Mbona hamumtaji Mwalimu Nyerere? Alikuwa mkali kuliko wote na aliunganisha taifa. Huo ndo ushahidi kwamba tunahitaji mkono wa chuma.

Mleta uzi

Nilikuwa nasubiri mtu amlete. Mwalimu alikuwa mkali, tena sana. Sheria ya kuweka watu kizuizini ni ya 1962, ikatumika kweli. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu walipogomea masharti ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) aliwafukuza zaidi ya 300 kwa mkupuo. Lakini siku ileile akakata na mshahara wake mwenyewe kwa 20%, maana wale vijana walikuwa wamegusia mishahara ya wakubwa, na wengi wao baadae walirudishwa chuoni. Yaani ndani ya hasira yake bado alisikia walichosema. Siyo kila mara. Operesheni Vijiji, ile ya kuhamishia watu vijiji vya ujamaa, haikuwa na huo usikivu, watu walibebwa na malori nyumba zikachomwa, na pale Isimani Krismasi ya 1971 mkuu wa mkoa Dk Kleruu akauawa na mkulima Mwamwindi kwa mgogoro wa shamba. Kwahiyo tusijidanganye kwamba enzi zile wote walikuwa wanaimba. Chama kilikuwa kimoja, mgawanyiko usingeonekana popote.

Ila kuna kitu alifanya ambacho hawa wengine hawakukigusa. 1985 aling'atuka. Alafu ilipokuja tume ya Jaji Nyalali 1991, kama 80% ya wananchi walisema wanataka chama kimoja kiendelee, na vyama vingi vilitakwa na kama 20% tu. Mwanasiasa wa kawaida angefunga jalada hapo, wengi wamesema. Mwalimu akawa upande wa wale 20%, akisema wachache nao wasikilizwe, na 1992 sheria ikabadilika. Mtu aliyejenga chama kimoja kwa mikono yake mwenyewe, amekaa na kura ya 80% inayomuunga mkono, anafungua mlango kwa ajili ya wasiomtaka. Huo mkono wa chuma unaoutaka wewe mkuu wa Kahama ungefanya hivo?

Mdau wa Pemba

Sasa mleta mada usituache hewani. Tufanyeje?

Mleta uzi

Mi nina kimoja tu cha kuanzia. Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema tume ikishatangaza rais amechaguliwa, hakuna mahakama itakayochunguza huo uchaguzi. Basi, imekwisha, hata kama una ushahidi wa maboksi. Mbunge anaweza kupelekwa mahakamani, diwani anaweza, rais hapana. Julai 2020 Mahakama ya Afrika ilisema kipengele hiki kinavunja haki na kirekebishwe, na hiyo mahakama iko hapahapa Arusha, wala siyo Ulaya. Mpaka leo kipo vilevile. Unamwambia kijana usiandamane, sawa, aende wapi? Mpe ukurasa wa kuandika malalamiko yake na jaji wa kuyasoma, hata akishindwa kesi ameshindwa kama raia. Mi naanza na hicho kabla hata hatujajadili nani awe rais, awe mkali awe mpole.

Mdau wa Mtwara

Hicho sawa, lakini mi naanza chini zaidi. Msimamizi wa uchaguzi wa jimbo langu asiwe mtu aliyeteuliwa na mmoja wa wagombea. Mahakama Kuu ilishasema 2019 wakurugenzi wa halmashauri, wanaoteuliwa na rais, hawafai kusimamia, Rufani ikatengua mwaka huohuo, na sheria mpya ya 2024, kwa ninavyoona mi, haijabadilisha cha maana. Ukinipa hilo, hiyo kesi yako ya 41(7) wala sitaihitaji kila mara.

Mleta uzi

Hapo umenigusa mkuu. Ila mahakama ibaki, maana hata msimamizi mzuri anaweza kukosea. Wa Kahama, wewe ungeanza na kipi?

Mdau wa Kahama

Naanza na kuhesabiwa kwa kura zangu mbele ya wakala wa kila chama. Hilo hata Mzee angekuwepo ningemwambia.